Sauti ya Mama Katika Mchezo wa Jumapili

Wanangu huniuliza nilipokuwa mtoto nilipenda kipindi gani cha televisheni, na mimi huwajibu kwamba televisheni niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa mama wa watoto wawili. Wanacheka. Kisha nawaambia tulikuwa na redio, na mchezo wa kuigiza wa Jumapili alasiri, na kwamba niliupenda ule mchezo kuliko wanavyopenda wao chochote kwenye luninga yao. Huwa naishia hapo. Yaliyobaki sijawahi kuwasimulia.

Miaka ya sabini tuliishi katika kijiji kimoja cha Geita, mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli kutoka Rwamgasa. Baba alilima pamba, na pamba ikishauzwa alikwenda machimboni kutafuta dhahabu, akawa anakuja na kuondoka. Redio aliinunua mwaka ambao mavuno yalikuwa mazuri. Jumapili betri zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo, na ilipokaribia saa kumi mama aliitoa redio uani, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Majirani walikuja na vigoda vyao.

Mchezo wenyewe ulihusu nyumba moja ya mjini, yenye mwanamke mwenye maneno mengi aitwaye Bi Nyange, mume wake mpole, na wapangaji wasioisha visa. Mama alimpenda Bi Nyange. Kiswahili chake mama kilikuwa cha shuleni, chenye lafudhi nzito ya Kisukuma, lakini alipomwiga Bi Nyange alikuwa mtu mwingine kabisa. Wiki nzima tukienda kuteka maji alinigeuzia kiuno na kuniuliza, "Wewe mpangaji, nani kakuruhusu kuogea maji yangu?" Nami nilijibu, "Si mimi, Bi Nyange, ni yule wa chumba cha uani." Tulicheka mpaka ndoo zikamwagika. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hiyo tena, na sisemi hivyo kwa kujihurumia.

Mama alifariki nikiwa na miaka tisa. Uchungu wa kuzaa ulimshika wakati wa palizi, baba akiwa machimboni. Majirani walimpakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, hawakufika. Mtoto naye hakuishi. Mwili uliporudishwa umefungwa shuka, mimi niliondolewa, nikashindishwa nyumba ya jirani na kupewa uji. Niliporudi nyumbani nilikuta tuta la udongo mbichi upande wa migomba. Sikuuona uso wake. Nalisema hili kwa sababu mengine yote yalitokana nalo.

Baba alikuja, akakaa wiki chache bila kuzungumza, akarudi machimboni. Nadhani hakuweza kuitazama nyumba ile. Nikabaki na Bibi Ng'wasi, mama yake baba, ambaye siku zote tuliishi naye. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, macho yake mekundu kwa sababu ya moshi wa samadi na magunzi aliyopikia maisha yake yote. Hakuwa mtu wa kukumbatia. Akikupenda alikuongezea mboga.

Matanga yalipokwisha, Bibi mwenyewe aliitoa redio uani. Majirani walikuja, wakakaa kimya kuliko kawaida. Katikati ya mchezo akaingia mtu mpya, muuguzi aliyekuja kupanga chumba kwa Bi Nyange. Alikohoa kidogo, kama mtu anayesafisha koo, halafu akasema, "Hodi wenyewe." Nikashika ukingo wa kigoda changu. Ilikuwa sauti ya mama. Kikohozi kilikuwa chake, na "hodi" ile iliyopanda mwishoni ilikuwa yake.

Kijijini kwetu kila mtu alijua habari za misukule. Mtu aliyekufa ghafla, walisema, huenda hakufa. Mchawi amemchukua na kuwaachia ndugu zake gogo la mgomba, wao wanaona ni maiti, wanalizika. Mwenyewe amefichwa mahali, anafanyishwa kazi, hata jina lake halikumbuki. Watu wazima waliyazungumza haya kwa sauti ya kawaida, kama wanavyozungumzia mvua. Mimi uso sikuuona. Na sasa sauti nilikuwa naisikia. Mtoto wa miaka tisa angefikiri nini kingine?

Niliona kwamba anapofichwa mtu lazima awe na njaa. Kila nilipopata michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, nilibakiza viwili vitatu nikavisukumiza ndani ya redio kwa nyuma, palipokuwa na kifuniko kilicholegea. Baada ya wiki mbili sisimizi wakaingia kwa mstari. Bibi akaifungua redio asubuhi moja, akatazama ndani, akaniita.

"Kabula, nani ameweka chakula humu?"

"Mimi."

"Unamlisha nani?"

"Mayu," nikasema. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma. "Ndiye yule muuguzi."

Hakunicheka wala hakunipiga. Aliendelea kuondoa sisimizi kwa kidole, mmoja mmoja.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi usimwambie. Maneno hayo yakitoka nje ya mlango huu yatatafuta mtu wa kumkalia. Na humu ndani tuko wawili tu."

Nilimwitikia, lakini sikuelewa. Nilidhani ananikataza kwa sababu ya kuharibu redio.

Wiki hiyo hiyo akaja mama mdogo Holo kutoka Nkome, ambako alikuwa akianika na kuuza dagaa. Alikuwa mdogo wake mama, wamefuatana. Habari za msiba zilimfikia baada ya wiki mbili, na alipoweza kusafiri hapakuwa na kitu cha kuona ila tuta, ambalo lilikuwa limeanza kuota majani. Kila asubuhi alikwenda kukaa pale. Alikuwa akiniuliza mambo madogo, kama mama alivaa kanga gani siku ile, kama alinitaja. Sikuwa na la kumpa. Nilimwonea huruma, na Jumapili tukiwa tunachambua mboga nikampa kile kitu kimoja nilichokuwa nacho, habari ya sauti ya muuguzi.

Saa kumi ilipofika alikaa karibu na redio kuliko wote, akanishika mkono. Muuguzi alipokohoa, vidole vyake vilinibana nusura nilie.

"Ndiye," alininong'oneza. "Ndiye dada yangu."

Kesho yake aliondoka akisema anakwenda kusalimia watu. Alikuwa amekwenda kwa mganga wa ramli, vijiji viwili kutoka kwetu. Aliporudi siku ya tatu alipita mbele ya Bibi bila kumwamkia. Mtu asipompa shikamoo mama wa shemeji yake, kila mtu anajua kuna jambo.

Jumapili iliyofuata watu hawakungoja saa kumi. Walikuja saa nane, na hawakuja na vigoda. Walikuwa wale wale waliozoea kucheka uani kwetu, na wengine nisiowajua. Jirani yetu Masanja, ambaye siku ya msiba nilishinda kwake nikinywa uji, alichuchumaa mbele yangu.

"Kabula, usiogope. Mama yako mdogo anasema ulisikia sauti. Ya nani?"

Nilimtazama Bibi. Alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko akichambua mtama kwenye ungo. Hakuniashiria lolote. Mikono yake iliendelea na kazi.

"Ya mayu," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Ulikuwa ukweli wangu. Mara nyingi nimetamani ungekuwa uongo, kwa sababu uongo unaweza kuutubu ukaisha.

Hapo mama mdogo alifanya jambo ambalo sijaweza kumchukia kwa ajili yake. Alipiga magoti mbele ya Bibi, vumbini.

"Mama, nakuomba. Sitaki ugomvi na wewe. Nirudishie tu. Hata kama amekwisha haribika, hata kama hanitambui, nitakwenda kumlea kwangu. Sitamwambia mtu."

"Mwanangu," Bibi akasema, "kama ningekuwa naye, angekuwa analima. Nani analima shamba hili? Nani anateka maji? Tazama mikono yangu."

Alimnyooshea ile mikono. Mama mdogo hakuitazama. Alikuwa anayatazama macho mekundu, ambayo kwetu yalihesabiwa dalili ya uchawi, kama walivyokuwa wakiyatazama wote.

Wakaanza kupekua. Waliingia ndani, wakapindua vitanda, wakachungulia darini. Walikibomoa kihenge, na mtama wa mwaka mzima ukamwagika uani. Na mimi, sina budi kulisema hili, nilitangulia mbele yao. Niliwaonyesha nyuma ya zizi, na shimo la zamani la kuchimbia udongo, na pale chini ya lundo la mabua. Niliita, "Mayu, mayu," nikiamini kwamba katika mlango unaofuata atakuwepo, amekonda, hanijui, lakini yupo. Nilitaka wampate kuliko mtu yeyote pale.

Hawakupata kitu. Mtu akasema hiyo ndiyo dalili kwamba amemhamisha. Wakamwambia Bibi jua lisizame akiwa kijijini. Donge la udongo likatoka nyuma ya watu likampiga begani, naye akalipangusa tu. Aliingia ndani, akatoka na kanga moja na sufuria ndogo. Alipopita mbele yangu alisimama.

"Ule wa kwenye ungo nimeshauchambua," alisema. "Utwange leo."

Akashika njia ya kwenda kwa kaka yake, mwendo wa siku mbili kwa miguu yake. Sikumfuata. Nilikaa karibu na migomba nikingoja, kwa sababu nilimsikia mwanamke mmoja akisema mchawi akifukuzwa msukule huzinduka na kurudi nyumbani kwa miguu yake. Nilingoja mpaka kuku wakaingia bandani. Kuna wakati majani yalitikisika nikasimama, kumbe ni mbuzi. Nikakaa tena. Hakuja mtu. Jua lilipokuwa linazama nilikuwa nimeelewa, bila kuambiwa, kwamba sasa sina yeyote kati yao wawili.

Baba alirudi baada ya siku nne. Alipigana na Masanja, akatenganishwa. Mama mdogo alikuwa amekwisha rudi Nkome, na mpaka alipofariki hatukuwahi kuzungumza habari hizo, ingawa kila mwaka aliniletea dagaa. Baba alikwenda kumbembeleza Bibi arudi, akakataa. Mimi nilipelekwa Shinyanga mjini kwa ndugu yake baba aliyekuwa na nyumba mtaa wa Kambarage, nikasomea huko. Jumapili mchezo ulipoanza kusikika dukani kwa mfanyabiashara wa Kihindi mtaani kwetu, nilikuwa nikienda kufua.

Nilipotimiza miaka kumi na sita nilimwomba baba anipeleke kwa Bibi. Tulimkuta ameketi kibarazani kwa kaka yake, haoni vizuri. Alinishikashika uso kunitambua. Baba alipokwenda kusalimia wengine nilimwambia maneno niliyokuwa nimeyaandaa kwa miaka.

"Bibi, nisamehe. Nilisema uongo."

"Hukusema uongo."

"Ilikuwa sauti ya mtu mwingine. Ni waigizaji tu."

"Najua ni waigizaji," alisema. "Lakini ilikuwa yake. Na mimi niliisikia. Siku ile ya kwanza kabisa, nilikuwa jikoni, nikaacha chungu kikaungua."

"Kwa nini hukuniambia, Bibi?"

"Niliogopa. Ningekuambia nasikia, ungeamini zaidi. Na mimi pia ningeamini. Mtu mzima akiamini jambo kama lile, lazima atafute nani kafanya."

Alinipa mahindi ya kuchoma nikala, kisha akaniongezea. Alifariki mwaka uliofuata.

Sasa nina umri unaokaribia wake wa wakati ule. Najua kwamba yule muuguzi alikuwa mwanamke fulani wa Dar es Salaam, aliyekohoa mbele ya kipaza sauti bila kujua kuna uani gani huko Geita ambako watu wanashikana mikono. Simlaumu mtoto niliyekuwa, wala mama mdogo simlaumu. Tulikuwa watatu tuliomlilia mtu mmoja, na sauti ile tuliisikia sote, ila Bibi aliisikia peke yake bila kutuambia. Huwa nafikiri, tungekaa karibu na redio ile sisi watatu, mmoja akasema tu kwamba anamkumbuka, huenda tungelia mpaka ikatutosha. Lakini sisi wawili tulitaka kujua nani kamchukua. Bibi peke yake ndiye hakumtafuta mwenye kosa, na sisi tukampata yeye.