Nati ya Juu Kwanza

Nikifumba macho, mwanangu, naiona siku moja ya wakati wa vita, naiona kama ndoto ya mchana. Niko Konde, nimelala chali chini ya lori la ami yangu Faki, juu ya jamvi kuukuu la kuanikia karafuu. Harufu ya jamvi lile ningali nayo puani.

Nilikwenda kwake na hasira zangu. Mama yako, ambaye tulikuwa hatujatimiza hata mwaka tangu nimuoe, alikuwa amekwenda kwao Shumba bila ya kuniaga. Nimerudi shamba, mlango umefungwa, jiko baridi. Nikamwambia ami anipeleke huko na gari yake nikamwache mbele ya wazee wake. Talaka tatu, nilisema, tena kwa sauti, jirani wasikie.

Ami alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache mpaka uyasubiri. Akanipa spana. Gari haiendi popote, akasema, mpaka ibadilishwe mafuta ya giaboksi, na mgongo wake unamuuma, basi niingie mimi.

Nikaingia, nikaikamata nati ya chini, ya kumwagia, maana hiyo unaiona mara moja. Akanigonga mguu kwa bakora.

"Ya juu kwanza. Ile ya kutilia."

"Si mpaka tumwage, ami, ndipo tutie?"

"Weye mwaga, kisha ya juu ikatae kufunguka. Mapya utayatilia wapi?"

Na kweli ilikataa, kutu imeishika. Tukaipaka mafuta ya taa, tukaingojea. Mchana ule ulikuwa mrefu. Kuku wakiparura karibu na sikio langu, ami akileta uradi wake taratibu, nami nikasinzia, nikazinduka, nikasinzia tena. Baina ya usingizi na macho nikamwona mama yako anapita uani na ndoo ya maji, anaimba wimbo wake ule asioumaliza. Nikajiuliza, nikishalitamka lile neno, huyu nitamrudisha kwa njia gani? Nikaogopa, mwanangu.

Baada ya alasiri nati ikalegea. Ndipo tukafungua ya chini, mafuta machafu yakateremka polepole ndani ya karai, yanametameta vumbi la chuma. Tukatia mapya mpaka yakafurika kwenye tundu la juu, ami akasema yametosha.

Shumba tulimkuta mama yako mlangoni, macho mekundu. Mamake alishikwa na homa kali, na mtu aliyetumwa kuniarifu hakuniona shamba. Nikasema nimekuja kumtazama mkwe. Ami akageuza uso, akajitia kukagua tairi.

Leo umenijia na sauti ile ile niliyokuwa nayo mimi. Sikwambii usimwache mkeo kabisa, yapo mambo hayavumiliki. Nakwambia ukae, utume mtu, usikie na lake, wala usitamke neno ambalo huna pa kulirudishia. Mama yako yule jikoni, anakupikia wewe. Mpaka leo hajui nilikuwa nakwenda kumfanya nini, nawe usimwambie.

Mola akutulize moyo, aitie huruma nyumba yako, na ukizeeka akujaalie kumsikia mtu wako akiimba jikoni, kama ninavyomsikia wangu sasa hivi.