Kidari cha Serangi

Ndelilio aliporudi kutoka Mtwara, alirudi nusu. Nusu nyingine ilibaki majini.

Mambo haya ni ya Machame, miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuzunguka na mizani zao kila kichochoro, na hakuna mtu sokoni Bomang'ombe asiyeyajua. Kwaya ya usharika ilialikwa Mtwara. Mvua ilikuwa imekata barabara ya kusini, kwa hiyo walipofika Dar wakapandishwa meli. Wanakwaya walitapika hadi sauti zikawakauka. Wote, isipokuwa Ndelilio, mke wa Eliufoo, ambaye tangu azaliwe maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mfereji wa kunyweshea migomba. Yeye alisimama ukingoni safari nzima, na serangi, yule mkubwa wa mabaharia, akampa nafasi nzuri kule mbele kabisa.

Basi nyumbani ikawa meli asubuhi, meli jioni. Akikata majani ya ng'ombe, meli. Akikoroga mtori wa ndizi, mwiko unakwenda kama kasia. Eliufoo akauliza, kwa ile sauti ya mwanaume anayejifanya hajali:

"Huyo serangi ni mtu wa umri gani?"

"Sikumuuliza. Ana mikono mikubwa."

Mikono! Eliufoo akaitazama ya kwake, akairudisha mfukoni.

Krismasi akachinja mbuzi. Kwao kila kipande kina mwenyewe, na kidari ni cha mwenye mji. Ndugu wamewahi kununiana miaka kwa ajili ya kidari. Ndelilio akakichukua, akakikausha motoni, akakifunga kwenye jani la mgomba.

"Mama Gladness, hicho cha nani?" akauliza mumewe.

"Cha serangi. Mwaka mpya ukiingia narudi Mtwara."

"Kumzika nani?"

"Simziki mtu."

"Kuna harusi?"

"Hakuna. Nakwenda kupanda meli. Ikifika nageuka nayo."

Eliufoo, mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe wanne wa kisasa, aliyewahi kumkamata mwizi kwa mkono mmoja (mwenyewe husema walikuwa wawili), akajikuta anamshikia kamba ya kufungia mzigo. Safari isiyo na msiba wala harusi! Kaka yake Aminieli akammalizia:

"Mbe, ndugu yangu, kidari chako kinapelekwa kwa mwanaume mwingine, na wewe unashika kamba ya kufungia mzigo?"

"Nitakipeleka mwenyewe," akasema Eliufoo. "Nimtazame usoni. Halafu huyu mwanamke atarudi na mimi kwa basi. Akikataa, abaki huko huko, asinijue."

Bandarini Dar aliingia melini nyuma ya mkewe, na koti lake la mtumba, kidari kwapani, maneno makali ameyapanga tangu Korogwe. Ndelilio akamwonyesha serangi, kisha akakimbilia mbele. Mzee wa watu, meno mawili, mguu mmoja unaburuta. Mikono ilikuwa mikubwa kweli. Mdomo wa Eliufoo ukamsaliti:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nyama hii ya nani?"

"Ya... yako."

"Ala! Nitaitafuna na nini?" Mzee akacheka, ufizi wote nje. "Mkeo ana kichaa cha maji. Kilinipata nikiwa kijana, na mpaka leo sijaona dawa."

Kwa mwanaume mwenye akili, wivu ungeishia hapo. Wa Eliufoo ulihamia mahali pengine. Alimwona Ndelilio mbele kule, kilemba kimemteleza, anacheka peke yake, na uso ule hakuwahi kumpa yeye, hata siku ya harusi. Serangi, Eliufoo angeweza kushikana naye mashati. Bahari utaikaba wapi?

"Mama Gladness, shuka. Twende kwenye basi."

"Nenda tu, Baba Gladness. Uwasalimie ng'ombe."

Honi ikalia. Mabaharia wakaanza kuvuta ngazi. Eliufoo akaitazama ngazi, akamtazama mkewe, akashika chuma cha ukingo kama mtu aliyeshika pembe za dume, akafumba macho. Serangi akawapungia wenzake: mwacheni.

Alitapika mpaka Kilwa. Samaki wa kule wanajua ladha ya mtori tangu siku hiyo. Kulipopambazuka maji yakatulia, na Ndelilio akamkokota mkono mpaka kule mbele, akamsimamisha penye nafasi yake. Hakuna mlima. Hakuna ua wa jirani wala Aminieli wa kuchungulia. Maji tu, yanakuja, yanapasuka, yanakuja tena, na kifua cha Eliufoo kikafunguka kama dirisha lililofungwa miaka.

Serangi akapita akipiga mluzi, anayatazama maji yale kama mtu anayekagua shamba lake. Eliufoo akamfuata kwa jicho, na jicho lenyewe lilikuwa baya kuliko alilokuja nalo.

"Huyu mzee," akamnong'oneza mkewe, "kila siku yuko hapa? Kila siku ya Mungu?"

"Kila siku."

"Mshenzi," akasema Eliufoo, akatanua viwiko ili abiria mwingine asije akasimama pale.