Mbaruk na Waya wa Mama Yangu

Mbaruk, fundi wa magari wa Malindi, aliketi juu ya jamvi nyumbani kwa wakwe zangu Kakuyuni, akanywa chai niliyoipika mwenyewe, kisha akawaambia wazee kwamba mimi, Nyevu, nimeiua injini ya gari la marehemu mume wangu kwa kuitia mafuta ya kupikia, kwa sababu siwezi kusoma maandishi ya dumu. Ulikuwa uongo, naye alijua ni uongo. Kwa neno lake hilo nilinyang'anywa ufunguo.

Nataka watu wamjue mtu huyu, maana wengi wanajua miwani yake ya jua tu.

Babu yake alikuwa na shamba la minazi kwetu Kakuyuni, na baba yangu alikuwa mkwezi wake. Shamba hilo halipo tena. Liliuzwa kipande kwa kipande, kila harusi na kipande chake, hata familia ikabaki na urithi mmoja tu: ile namna ya kumtazama mtu kana kwamba anangoja kuamrishwa apande mnazi. Mbaruk aliurithi wote, hakumwachia ndugu yeyote.

Ujanani alikwenda Dubai. Aliporudi alisema huko alikuwa fundi wa injini. Dada yake mkubwa, Bi Kulthum, ambaye hajui kupamba maneno, husema alikuwa akiosha magari. Alirudi na ovaroli yenye jina la mtu mwingine kifuani, miwani, na neno "kompyuta". Akafungua gereji, na ukutani akachorewa konokono mkubwa, chini yake ikaandikwa kwamba hapa ndipo kwa bingwa wa tabo. Tabo ni kile kifaa chenye umbo la konokono kinachopuliza hewa ndani ya injini ya dizeli ili gari lipate nguvu. Wateja wakajaa. Sisi watu wa pwani, mtu akishika kiuno na kuvaa miwani, tunamwita bingwa kabla hajashika spana.

Gari langu ni lile kubwa la kupita matope. Mume wangu, Mwaro, alilinunua likiwa limekwisha kutumiwa na wenyewe ng'ambo. Alipofariki nilishika usukani mimi. Njia ya Vitengeni mvua ikinyesha hakuna gari dogo linalopita, kwa hiyo wajawazito wa huko walikuwa wananipigia simu mimi, nikawapeleka hospitali. Kwa kazi hiyo nilimlea binti yangu Cynthia. Shemeji yangu Garama, mdogo wake Mwaro, alikuwa akilitazama gari kama paka anavyotazama samaki aliye mkononi mwa mtu mwingine, akingoja nianguke.

Siku gari lilipofika nyumbani mara ya kwanza, mama yangu, ambaye sasa naye ametangulia, aliagiza boneti ifunguliwe.

"Moyo wa chuma hiki uko wapi?" aliuliza.

Mwaro hakujua amwonyeshe nini, akamwonyesha tabo. Mama alikuwa na hirizi yake, imekunjwa ndani ya kipande cha bati. Akaizungushia waya wa shaba, akaifunga kwenye shingo ya tabo pamoja na kile kibomba chembamba kinachoipelekea oili, vyote viwili kwa pamoja, asiweze mtu kukitoa kimoja bila kuufungua waya. Alipiga fundo lake la kufungia mbuzi, linalopinda kushoto, kwa kuwa kidole gumba chake cha kulia kilikatwa na panga utotoni. Sijaona mtu mwingine akifunga fundo la namna ile. Mwaro akarudisha bati la kukinga joto juu yake, akakaza bolti, tukasahau.

Masika yaliyopita gari likaanza kupiga mluzi kama birika. Mlimani likakosa nguvu, na nyuma likatoa moshi wa buluu, na oili ikawa inapungua bila kuonekana inakovujia. Nikalipeleka kwa konokono wa ukutani.

"Mama Cynthia! Habari za Kakuyuni? Nazi zinaanguka?"

"Siku hizi zinaanguka zenyewe, fundi. Wakwezi wamekwisha."

Hakucheka. Alisikiliza injini, akasema tabo imekufa. Hapo hakukosea, mluzi ule hata mbuzi wangu walikuwa wanaujua. Kisha akafungua bati la joto, na mkono wake ukasimama hewani.

"Hii nini?"

"Ya mama yangu."

"Ya kazi gani?"

"Kulilinda gari na wenye tamaa."

Akacheka sana, ili wateja wengine wasikie. "Nyinyi Wagiriama, jamani! Mpaka mashine mnaifungia uchawi!" Lakini niliona mkono uliokuwa hewani umeingia mfukoni.

"Ngoja nikufungulie mwenyewe," nikamwambia.

"Mimi nimefanya kazi Dubai, waya ndio utanishinda? Nenda kapumzike."

Nilipolifuata gari alinipa gunia lenye tabo kuukuu ndani. Ndiyo desturi ya mafundi wetu: kifaa kikitolewa hurudishiwa mwenyewe, aone kwa macho yake kwamba kimetolewa kweli. Nikamuuliza hirizi iko wapi.

"Nimeitupa baharini. Kitu cha mzazi kina heshima yake."

Nilimshukuru. Hata sasa nikikumbuka kwamba nilimshukuru, najiona mjinga.

Mluzi uliendelea. Nikarudi, akasema tabo mpya hulia mpaka izoee gari, kama mtoto anayeachishwa ziwa. Moshi ukaendelea. Nikarudi tena, na safari hiyo nikasema kwa sauti, wateja wake wakiwa wamesimama, kwamba hakuweka kitu. Nilikuwa nimemgusa konokono wake. Alimtafuta Garama, na haukupita muda nikawaona wote wawili wanaingia uani kwa wakwe zangu wakifuatana na wazee, nikaambiwa nipike chai.

"Tabo mpya nimeifunga kwa mikono yangu," alisema Mbaruk juu ya jamvi. "Huyu mama ameiua. Nilichota oili, nikainusa: mafuta ya kupikia! Sijui alitaka kukaanga viazi."

Wazee wakacheka. Nikasema shule sikuiona, na herufi nimezijua ukubwani, lakini oili naijua kwa rangi, kwa harufu na kwa vidole, na gari hili nimelitia oili tangu Mwaro yu hai. Mzee mmoja akasema, "Fundi amesema." Garama akanyoosha mkono. "Shemeji, ufunguo."

Basi Garama akawa mwenye gari. Alipita nalo huku na huku akipiga honi hata kwa kuku, moshi ukimfuata. Mara likamfia barabarani pale Matsangoni, likasukumwa hadi gereji ya mtu anayeitwa Dzombo, Mgiriama mwenzetu. Dzombo akafungua bati la joto, akarudi nyuma.

"Hii ni ya nani?"

"Kata tu," Garama akamwambia.

"Kata wewe."

Garama naye hakukata. Ndipo nikapigiwa simu.

Nilipofika, Dzombo aliniamkia kwa adabu, akaniita mayo, yaani mama. "Mayo, mimi naogopa, na siyo siri. Nimesema mwenyewe aje."

Nikainama chini ya boneti. Waya wa mama yangu ulikuwa pale pale. Hirizi ile iliyotupwa baharini! Fundo limepinda kushoto, masizi ya miaka yamelifunika, hakuna hata ukucha uliolikwaruza. Shingo ya tabo na kibomba cha oili vimefungwa pamoja kama mama alivyovifunga. Bingwa wa tabo, mtu wa Dubai na kompyuta, alikuwa ameuona waya wa bibi kizee wa Kakuyuni, akarudisha bati, akakaza bolti, akachukua malipo, akanitafutia chuma kwenye takataka zake akanitilia guniani. Nilicheka hadi Garama akasogea mbali nami.

Nikalifungua fundo kwa vidole vyangu, nikaifunga hirizi na waya wake katika pembe ya leso. Dzombo akavua mpira wa hewa. Ndani ulikuwa umelowa oili. Akakishika kifimbo kinachozunguka ndani ya tabo kwa vidole viwili, kikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Kile kibomba cha oili kilikuwa kimezibwa na uchafu mweusi kama lami.

"Oili ilikuwa haifiki," alisema. "Imejisaga yenyewe kwa kiu. Si mafuta ya kupikia, mayo. Yangekuwa hayo, hapa pangenuka kama mkahawa."

Nikapita nyumbani nikalichukua lile gunia la tabo kuukuu, nikaenda Malindi moja kwa moja nyumbani kwao Mbaruk, maana gerejini huniona kutoka mbali akaingia chini ya gari. Bi Kulthum alikuwa barazani anachambua mchele, na nduguye anakula.

"Shikamoo, Bi Kulthum."

"Marahaba, Nyevu. Gunia la nini?"

Nikaimwaga ile tabo ya takataka sakafuni, nikaufungua waya kutoka kwenye leso, nikamsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha mchele wake. Kisha akamgeukia nduguye.

"Mbaruk. Uliogopa?"

"Dada, mimi nina watoto."

"Nakuuliza, uliogopa waya?"

"Vitu vya watu wale huvijui wewe!"

"Alikwambia atafungua mwenyewe! Ungeogopa tu, ungesema naogopa, akafungua, ukafanya kazi yako. Wewe ukaogopa, ukaiba, ukamsingizia mjane. Mambo matatu, na lililokuwa halali ni moja tu, nalo ndilo ulilolionea haya!"

Pesa zikarudi kwa simu pale pale, dada mtu akimsimamia kama mtoto anayemezeshwa dawa. Nikauliza na lile neno alilolisema jamvini je? Mbaruk akasema atakuja Kakuyuni Ijumaa baada ya swala, alitengue. Bi Kulthum akasema, "Umesikia, Nyevu. Amesema mbele yangu."

Kwa pesa hizo Dzombo akatafuta tabo nzima, akabadilisha kibomba na gasketi, akamwaga oili yote ya zamani akatia safi, na kabla ya kuwasha akaitilia tabo yenyewe oili kidogo isije ikaanza kazi na kiu. Garama akauleta ufunguo wa kulijaribia, likawaka bila mluzi, bila moshi. Tulilipandisha kilima, likapanda kimya.

Ijumaa ile nilitandika jamvi, wazee wakaja. Mbaruk hakuja. Ijumaa iliyofuata alikuwa na mgeni. Nyingine alikuwa na mafua. Najua sababu, na kila mtu anaijua: akisimama pale aseme aliogopa waya wa mke wa mkwezi, atabaki vipi tena ukutani yule konokono?

Nilimwendea Garama nikamweleza yote, naye aliliona fundo kwa macho yake. Akajibu, "Shemeji, neno lilisemwa mbele ya wazee. Litenguliwe mbele ya wazee." Mtu huyu alipokuwa akinipokonya hakutafuta ushahidi, kurudisha ndiko kunakotaka sheria.

Kwa hiyo gari zima, lenye nguvu, limesimama Matsangoni chini ya turubai, Garama mwenyewe haliendeshi tangu alipoliona fundo lile, na wajawazito wa Vitengeni wanaletwa juu ya pikipiki, wamemkumbatia dereva. Juzi mmoja alinipigia simu, hakuwa amesikia kwamba nimenyang'anywa. Nikamwambia ufunguo sinao.

Mbaruk simdai pesa. Namdai maneno: kwamba aliogopa, kwamba tabo hakuigusa, na kwamba mafuta ya kupikia aliyatunga. Ayaseme Kakuyuni, juu ya jamvi lile lile, kwa sauti ile ile aliyochekeshea wazee. Na Garama, ambaye ameufunga ufunguo wangu kwenye mshipi wa suruali yake, namdai ufunguo.