Moshi wa Mtumbwi wa Rubisi

Nilipostaafu uinjilisti nilijikuta nina muda mwingi kuliko kazi, na muda huo niliumalizia kwenye jiko la kuchomea nyama nyuma ya nyumba yangu hapa Izigo. Siku moja nilikuwa nimekula mbuzi wa kuchoma Bukoba mjini, nikaambiwa utamu wake umetokana na kuni za mpera. Tangu hapo sikutulia. Nilichomea kuni za mpera, nyama ikawa nzuri. Nikachomea matawi ya mibuni tuliyoipogoa, ikawa na uchungu kidogo ambao niliupenda mimi peke yangu. Nikatandaza mchaichai juu ya makaa, nyama ikanukia kama chai. Halafu nikajaribu majani ya mkaratusi.

"Baba," mke wangu aliniuliza huku bado anatafuna, "hii tule, au tujichue kifua?"

Alicheka, nami nikacheka. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na haya ya kuandika.

Nyuma ya jiko kulikuwa na mtumbwi wa marehemu baba yangu. Si mtumbwi wa ziwani. Ni gogo kubwa lililochongwa shimo, ambamo watu wa kwetu hukanyaga ndizi mbivu kwa miguu, kisha juisi yake huachwa humo ichachuke iwe rubisi, pombe yetu. Baba alipofariki haukutumika tena. Ulikuwa umepasuka katikati na kuku walilala ndani. Nilikata kipande, nikakitupa kwenye makaa. Moshi wake ulikuwa mtamu, mfano wa ndizi mbivu iliyoungua kidogo, na nyama ilipata rangi ambayo sijawahi kuiona. Nilisimama pale nikijisifu kama mtu aliyeuumba mti wenyewe.

Baada ya majuma machache mjukuu wetu alipata kipaimara. Kwetu, ukiwa na sherehe, unamwita Mwislamu akuchinjie, ili jirani yeyote akae mezani bila mashaka. Mimi sikuhitaji kutafuta wa kuita. Nina munywani wangu, rafiki wa tangu darasa la kwanza, fundi cherehani mstaafu wa Bukoba mjini, na miaka yote yeye ndiye huchinja mbuzi wa nyumba hii. Alifika asubuhi na kisu chake, akachinja, akanawa, akaenda kukaa na wageni.

Mke wangu akanikuta napasua vipande vya mtumbwi.

"Baba, huo mti umekunywa pombe tangu sijaolewa hapa. Na mgeni wetu je?"

"Umekauka," nilimjibu. "Moshi si pombe."

"Basi mwambie, aamue mwenyewe."

Sikumwambia. Nilijua akisikia atakataa, na nilitaka sana aionje nyama ile aisifu. Hiyo ndiyo sababu, wala sina nyingine.

Aliionja. Akafumba macho.

"Munywani, umechomea mti gani huu?"

"Mti wa zamani wa baba," nikasema. Mke wangu alisimama akaingia ndani.

"Shemeji amenuna, umemnyima paja," rafiki yangu alisema, na meza nzima ikacheka. Wakati wa kuondoka aliniomba vipande vichache vya mti ule, maana Idd ya kuchinja ilikuwa karibu na alitaka wanawe waonje. Hapo Mungu alinipa nafasi ya pili, mchana kweupe, mbele ya mlango wangu. Nilijaza mfuko, nikaufunga kamba kwa mikono yangu.

Jioni ile nilipaswa kuongoza sala ya shukrani. Maneno yalitoka, lakini niliyasikia kama ya mtu mwingine. Kulipokucha nilipanda gari la kwanza kwenda Bukoba.

Rafiki yangu alinipokea kwa furaha, akaniletea akamwani, buni zile kavu tunazomkaribisha nazo mgeni atafune. Sikuzigusa. Nilimweleza yote: mti ulikuwa wa nini, mke wangu alisema nini, na kwamba nilijua.

Alichukua simu, akampigia shemeji yake anayeishi nyumba ya jirani, ambaye alikuwa ameshamgawia nusu ya mfuko.

"Zile kuni usiziwashe," alimwambia. "Hapana, si mbovu. Zina pombe ndani." Akasikiliza. "Kwa rafiki yangu. Ndiyo, yule yule." Akasikiliza tena, safari hii akitazama sakafu. "Hakunificha kwa ubaya."

Alinitetea, na mimi nimekaa hapo hapo nasikia.

Alipoweka simu alisema taratibu, "Nilichokula bila kujua, Mwenyezi Mungu anakijua. Lakini wewe ulijua, munywani."

"Nilijua. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Akanisogezea kisahani cha akamwani. "Sasa tafuna, usinitie aibu nyumbani kwangu."

Nilitafuna. Nimewafundisha watu msamaha miaka mingi, lakini sikujua kwamba anayeupokea anaweza kutamani apigwe badala yake.

Mtumbwi nimeurudisha kwa kuku. Nachomea mkaa wa kawaida, na mke wangu hajawahi kunikumbusha, jambo ninalomshukuru Mungu.

Mwaka huu mjukuu wa pili alipata kipaimara. Rafiki yangu alikuja asubuhi na kisu chake kama kawaida, akatusalimu, akamtania mke wangu. Kisha akarudi kwenye gari lililomleta, akashusha mfuko mdogo wa mkaa kutoka mjini, akauweka kando ya jiko langu bila neno. Niliufungua kamba, nikawasha. Nyama ilipoiva alikaa palepale anapokaa siku zote, akala, akashiba.