Mtoto Aliyepewa Jina la Kicheko

Watu wa Butimba walisema Felicitas ana kiburi. Hata harusini anakaza uso! Waongo wakubwa. Yule mama alikuwa anaogopa tu.

Alikuwa msichana wa shule ya bweni kule Bukoba, uhuru una miezi michache, kicheko kilipowaingia. Alianza mmoja, wakafuata wenzake, na Felicitas akacheka mpaka akajikojolea, huku analia, hawezi kuacha. Shule ikafungwa. Aliporudishwa nyumbani, mdogo wake naye akaanza. Hapo akajua kuwa yeye ndiye aliyemwambukiza, na kwamba ugonjwa ule bado umo mwilini mwake, umelala tu.

Sasa bintiye Kokulinda akajifungua kwenye zahanati ya mtu binafsi, maana enzi za ruksa kila mwenye mtaji alifungua yake. Mkunga alikuwa mama wa Kiirani aitwaye Khandan, na Kokulinda akampa mtoto jina hilo hilo.

"Maana yake nini?" Felicitas akauliza.

"Mwenye kucheka, mama," mkunga akajibu. "Kwetu kicheko ni khande. Neno la kale sana hilo, wazee wetu walikuwa nalo kabla Uislamu haujafika Uajemi."

Felicitas akamgeukia bintiye.

"Koku, mwanangu, mpe jina la mtakatifu."

"Mama, nimeshalipenda."

Basi bibi akawa halitamki. Alimwogesha mjukuu huku ameangalia ukutani, asije akatabasamu akamwambukiza. Mtoto akafika miezi minne hajacheka, na bibi akashukuru Mungu kimoyomoyo.

Asubuhi moja Kokulinda alikwenda sokoni. Sabuni ikamponyoka Felicitas, ikatumbukia besenini, maji yakamrukia usoni. Mtoto akacheka. Akacheka tumbo zima, na bibi moyo ukamlipuka. Kimemwingia! Akamziba mdomo kwa kiganja, mtoto akakichekea hata kiganja. Felicitas akafumba macho, akasubiri, kama alivyosubiri zamani kule bwenini.

Kikakoma. Chenyewe. Mtoto alikuwa anamtazama, anangoja.

"Khandan," bibi akaita kwa mara ya kwanza.

Akaiopoa sabuni, ikamponyoka tena. Wakacheka wote wawili. Aliposikia sauti yake mwenyewe, hofu ikamshika upya, akasubiri.

Kicheko nacho kikakoma.