Kiatu kimoja jukwaani Kindu: mchezo uliotuletea habari za msiba siku ya mwisho

Wakuu, amani kwenu huko mliko.

Mimi ni mtu wa riwaya, kutunga ndiyo kazi ninayoipenda. Leo sitatunga. Haya yametokea kwetu Kindu, nikiwepo.

Kwanza mjue jambo moja. Mchezo ukichezwa huku unachezwa siku chache, kisha waigizaji wanatawanyika, huyu shambani, yule machimboni. Picha zikitundikwa hazikai. Mwaka jana kulikuwa na maonyesho ya picha za miaka ya vita. Nikasema nitakwenda kesho. Nilipofika nilikuta misumari ukutani na mlinzi anafagia.

Kwa hiyo niliposikia vijana wanacheza mchezo wa vita kwenye ukumbi wa parokia, nilikwenda mara moja.

Mchezo wenyewe hauna mengi. Mji umefungwa. Askari upande huu wa mto, wapiganaji wa msituni ng'ambo. Watu wanakula majani ya mihogo bila chumvi. Mwanamume mmoja anavuka kwa mtumbwi kutafuta unga. Akirudi anapigwa risasi ukingoni, na wanapomgeuza, kiatu kimoja cha mwanamke kinaanguka kutoka ndani ya shati lake.

Watu wakacheka. Sisi Kindu tunacheka, msituhukumu. Kijana aliyecheza askari alipoingia, mama muuza mikate alimpigia kelele, "We mwizi, rudisha mbuzi yangu!" Mwingine akadakia, "Huyu amenenepa, wa wakati ile walikuwa mifupa!"

Kwenye kiatu mimi sikucheka. Kiatu cha pili nimekua nikikiona.

Kinaning'inia nyuma ya mlango wa mama mkubwa wangu, dada wa mama yangu, jina lake Mwamini. Ni cha mguu wa kulia. Wakati wa vita mumewe, Ramazani, alivuka mto kutafuta unga, akachukua na kile cha kushoto ili kishonwe, kwa sababu fundi alikuwa ng'ambo.

Hakurudi. Wala mwili, wala habari.

Sisi ni Waislamu. Mke akifiwa hukaa eda, watu huja kumpa pole, na maisha yanapata pa kuanzia tena. Mama mkubwa angekaa eda ya nani? Hakuwa mke, hakuwa mjane. Majirani wakajaza pengo kwa midomo yao: "Ramazani iko Kibombo, anakula muchele na bibi mupya." Aliyasikia hayo sokoni, aliyasikia harusini. Waliokuja kumposa aliwajibu kwamba ana mume.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya mchezo. Yule aliyecheza mtu wa mtumbwi alikuwa anarudi Pangi kuchimba, na bila yeye hakuna mchezo.

Nilimkuta mama mkubwa anatwanga sombe, majani ya mihogo.

"Mama mukubwa, twende tukaangalie muchezo. Leo njo mwisho."

"Vita niliona ya kweli. Hiyo ya watoto niangalie ya nini?"

"Iko kiatu ndani."

Mchi ukabaki hewani. "Kiatu gani?"

"Kimoja. Cha mwanamuke."

Alinawa mikono, akakitoa kile cha kwake kwenye msumari, akakifunga ndani ya kitenge.

Ilipofika ile sehemu, ukumbi ulicheka kama jana. Mama mkubwa akasimama.

"Kiatu hiyo ni ya muguu gani?"

"Kaa chini, mama, unatuzibia!"

"Anatafuta mwenzake aende nayo harusini!" Ni yule muuza mikate wa jana. Kicheko tena.

Assani, kiongozi wa kikundi, alitoka nyuma ya pazia. "Mama, hiki tuliazima tu. Lakini mupiga kasia aliyetuambia habari hii alisema ilikuwa ya kushoto. Haikushonwa, mukanda yake ilikuwa bado imefungwa na waya ya manjano."

Mama mkubwa akafungua kitenge. Kiatu cha kulia, mkanda umefungwa kwa waya wa manjano. Vyote viwili alikuwa amevifunga kwa mkono wake, kabla Ramazani hajavuka.

Muuza mikate akajifunika uso.

"Huyo mupiga kasia iko wapi?"

"Alikufa, mama. Mvua iliyopita."

"Alisema walimuzika wapi?"

Assani alitazama chini. "Pale pale kwenye ukingo. Halafu mto ikapanda, ikakula ukingo."

Yule mwigizaji alikuwa bado amelala jukwaani, macho wazi, hajui kama anaruhusiwa kuamka. Mama mkubwa alimwinamia.

"Amuka, mwanangu. Chini iko baridi."

Asubuhi nilimsindikiza kwa shehe. Alitaka jambo moja tu, akae eda yake. Shehe akamjibu.

"Mama Mwamini, eda inahesabiwa tangu siku ya kufa. Ya kwako ilikwisha zamani, bila wewe kujua. Imebaki kumuombea."

Tulipofika nyumbani ndipo aliposema, "Kumbe nilikuwa mujane siku hizo zote, na walikuwa wananicheka."

Tukafanya hitima. Majirani wote walikuja, hata wale wa maneno ya Kibombo. Mama mkubwa aliwapakulia mwenyewe, sahani kwa sahani.

"Kuleni," alisema. "Muchele ya Kibombo hii."

Hakuna aliyeinua kichwa.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mchezo ukichezwa mjini kwenu, picha zikitundikwa, nendeni leo. Mpiga kasia amekufa, mwigizaji yuko shimoni Pangi, na ule mchezo sasa haupo popote duniani. Tuliuwahi kwa siku moja.

Je, kuna aliyewahi kumkuta mtu wake jukwaani, au ukutani kwenye picha? Andikeni hapa chini, nasoma zote.

Na kama kuna anayejua zilikopelekwa zile picha ambazo mimi nilikuta misumari yake, naomba aniambie. Mama mkubwa anataka kuzipitia moja moja. Hana picha ya mumewe hata moja.