Ubatizo Mmoja

Mwaka kiwanda cha shaba kilipozima tanuru, nilichumbiwa na fundi umeme aliyebaki bila kazi kama wanaume wengi wa Likasi. Kwetu tulikuwa Wakatoliki. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la uamsho, ambalo waumini wake walisali katika gereji iliyoachwa karibu na stesheni. Wazee walielewana juu ya mahari. Kilichobaki ni sharti la mchungaji: nibatizwe upya, nizamishwe katika ziwa Tshangalele pamoja na waumini wake. Maji niliyomwagiwa na padri nikiwa mchanga, kwake, hayakuwa ubatizo.

Mama alinishauri nikubali. Nitalowa, alisema, nitakauka, na rohoni nitabaki nilivyo. Nilimjibu kwamba siwezi kuingia katika maji ya Mungu nikijifanya. Mchumba wangu alisema hatanilazimisha, ila niende mwenyewe nikamwambie baba yake.

Nikaenda Jumamosi mchana. Nilimkuta peke yake gerejini akipanga mabenchi. Nikapiga magoti na kumsalimu kwa kupiga makofi kama ilivyo desturi, naye akanikalisha na kufungua Biblia. Alinionyesha kwamba kuamini kunatangulia kubatizwa, akaniuliza mtoto mchanga anaaminije. Nikasema wazazi waliamini kwa niaba yangu, na nilipopata kipaimara nikakubali mwenyewe. Hilo halimo katika Kitabu, akasema.

Nikamweleza tulivyofundishwa: Kitabu kinatufikisha kwenye wokovu, lakini kiliandikwa kwa mikono ya watu, ndiyo maana Injili moja inataja malaika mmoja kaburini na nyingine wawili. Hakukasirika. Penye wawili, alijibu, mmoja yupo pia; pengine ndiye aliyesema.

Kisha akafunga Biblia, akaiweka magotini.

"Mutoto yangu, kiwanda ilitudanganya, banki ilitudanganya, hata radio. Hii Kitabu tu njo haiyanidanganya. Kama mustari moja iko na kosa, nani atanionyesha ile ya kweli?"

Nilimwelewa. Baba yangu naye alikuwa amekipa kiwanda kile ujana wake wote, na siku zile alikuwa analima mahindi nyuma ya nyumba.

"Baba, miye naamini ile Kitabu," nikasema. "Lakini nilisha kubatizwa. Sitaingia mu maji mara ya pili."

Akasema atamwomba Mungu anibadilishe. Nikamwambia aombe.

Miezi ilipita. Baadhi ya waumini walimsihi mchumba wangu aniache, akakataa, na mwishowe baba yake akaacha kushikilia sharti lile. Tulifunga ndoa parokiani. Mzee alivaa koti lake jeusi na kusimama uani misa nzima, kwenye jua, kwa kuwa hakutaka kuingia penye sanamu. Tulipotoka, yeye ndiye wa kwanza kunishika mkono, na ndiye aliyeombea bukari, ugali wetu, na samaki wa sherehe.

Tuliishi katika uwanja wa nyumba yake miaka mingi. Mtoto wetu wa kwanza nilimpeleka kwa padri. Wa pili, mume wangu aliomba tumwache achague mwenyewe akikua, nikakubali baada ya kubishana sana.

Kila asubuhi mzee alitusomea Kitabu, kisha akaomba kwa sauti, na hakuacha kuomba nibadilike, nami nimeketi pale pale mbele yake. Nilisema amina kwa maombi yake yote, isipokuwa hilo.